Kupamba vibuyu kwa mkono kwa majani, maua na minazi ya kwetu: mwongozo kamili kuanzia kibuyu kibichi mpaka vanishi

Kitu cha kwanza naomba tukubaliane, kibuyu chenyewe ndo kinachoamua mchoro, siyo picha uliyoiona kwenye simu. Watu wengi wakitaka kupamba kibuyu kwa majani wanaenda mtandaoni wanachukua yale majani makubwa yenye matundu ya kwenye mahoteli, afu wanayahamishia kwenye kibuyu kama yalivyo, wakati nje ya dirisha kuna mgomba, kuna mpapai, kuna mwembe, vyote vya bure na unaweza kuvishika mkononi ukaona mshipa unaanzia wapi na unaishia wapi. Jani ulilolishika unalichora vizuri zaidi kuliko la kwenye picha, hilo mi naliamini kabisa na mwongozo wote huu umesimama hapo.

Na hatuanzi kutoka sifuri. Ukambani wanachora vibuyu kwa kisu na kwa chuma cha moto, miti, wanyama, watu, maisha yote yanazunguka ganda moja. Wakalenjin wanatunza mursik, maziwa yao ya kuganda, kwenye kibuyu kinachoitwa sotet, kilichopambwa kwa ngozi na shanga, ndo kile kibuyu unachoona wanariadha wa Kenya wanapokelewa nacho uwanja wa ndege wakirudi na medali. Ukiingia Makumbusho ya Taifa Nairobi kuna sanamu kubwa ya vibuyu vilivyotoka jamii mbalimbali za Kenya, simama pale uangalie jinsi kila umbo lilivyopewa pambo lake. Pwani tuna nakshi za milango ya Lamu na Unguja, yungiyungi, mtende, samaki, nyororo, na tuna maua ya hina ambayo mama zetu na dada zetu wanajua kuyatambaza kwenye mkono uliopinda bila rula. Huo ujuzi wa kutambaza ua kwenye kitu kilichopinda ndo huohuo unaohitajika kwenye kibuyu, kwahiyo kama nyumbani kuna mtu anapaka hina mkalishe karibu.

Kuchagua na kukausha

Kama unalima mwenyewe mmumunye, yaani mmea unaozaa vibuyu, usichume mapema. Subiri kikonyo kikauke kiwe cha kahawia, ndo ukate, na uache kikonyo kama sentimita 4 hivi maana ukikikatia juu kabisa uozo unaingilia hapo. Tundika au panga juu ya kichanja penye hewa na kivuli, visigusane, na uwe unavigeuza kila baada ya siku chache. Kibuyu kibichi ni maji matupu karibu chote kwahiyo kukauka kunachukua wiki nyingi, vile vidogo mwezi au miwili, vikubwa vinaweza kwenda miezi sita. Ukungu utaota juu, madoa meusi na meupe, usivitupe, hiyo ni kawaida na yale madoa mengine yanakuja kuwa mazuri mno chini ya vanishi. Cha kutupa ni kile kinachobonyea ukikishika au kinachotoa maji yanayonuka.

Ukinunua sokoni fanya hivi: kinyanyue, kiwe chepesi. Kitikise, mbegu zicheze ndani. Kigonge kwa kucha, kitoe mlio mkavu. Kiweke mezani uone kinakaaje, kwasababu kinachoegemea upande mmoja siyo kibaya ila mchoro wake itabidi ufuate huo mwegamo. Angalia ganda pia, la milimita 5 au zaidi linafaa kuchongwa, jembamba lichome kwa moto tu au lipake rangi, usilichonge.

Kuosha, na hapa usiharakishe

Kibuyu kilichokauka kina ngozi nyembamba juu, kama nta iliyochanganyika na vumbi na ukungu. Hiyo ngozi isipotoka yote, rangi itabanduka na moto utachoma vibaya, mstari mmoja mweusi mwingine wa kahawia, afu utalaumu kalamu.

Chukua beseni la maji ya uvuguvugu, tia sabuni kidogo, zamisha kibuyu. Kitaelea, kwahiyo kifunike na taulo iliyolowa na uwe unakigeuza, nusu saa inatosha. Baada ya hapo sugua na waya wa sufuria taratibu, kwa mzunguko, na sehemu ngumu kwaruza na mgongo wa kisu butu. Ukiona ganda limekuwa rangi moja ya kahawia hafifu na limekuwa laini ukipitisha kidole, umefika. Sehemu ambayo bado ina utelezi na rangi nyeupe nyeupe, bado. Suuza, kausha kivulini siku mbili. Jua kali la ghafla kwenye kibuyu kilicholowa linaweza kukipasua.

Hii kazi ifanye ikiwa mbichi na maji maji, yaani usisugue ukungu ukiwa mkavu, vumbi lake linaumiza kifua.

Kukata na kutoa ya ndani

Siyo lazima ukate. Kibuyu kizima kinapendeza sana kama pambo la mezani, na mwenye kuanza mi namshauri aanze na kizima. Ila kama unataka bakuli, kata ya kuchotea, chombo cha maua au taa, utakata.

Mstari ulionyooka kuzunguka kibuyu unapatikana hivi: panga vitabu mpaka ufikie urefu unaoutaka, laza penseli juu yake ncha iguse kibuyu, shika penseli isisogee afu zungusha kibuyu. Toboa pa kuanzia kwa ncha ya kisu, ingiza blade ya msumeno wa chuma uliyoifunga kitambaa upande mmoja, kata polepole ukifuata mstari. Vaa barakoa, na siyo ile ya kitambaa inayolegea, vumbi la ndani ya kibuyu ni jepesi na linakera koo hata siku ya pili yake.

Toa mbegu na nyama kavu kwa kijiko cha chuma. Ikigoma jaza maji, acha usiku mzima, asubuhi italainika. Mbegu nzuri hifadhi upande. Vile vipande ulivyokata usitupe hata kimoja, tutavihitaji kwenye mazoezi ya moto.

Mdomo piga msasa, anza na namba 120, malizia na 220. Zamani wazee walitumia majani ya mti wa msasa, yale yanayokwaruza, na mpaka leo ukiyapata yanafaa vizuri kwa kumalizia maana hayaachi mikwaruzo mirefu.

Kusoma kibuyu kabla ya kuchora

Hapa ndo panaponifurahisha kuliko pote. Weka kibuyu mezani, kizungushe, kiangalie. Chenye shingo ndefu kinaomba kitu kinachopanda au kinachoning'inia. Cha duara kinaomba kitu kinachotawanyika kutoka juu kwenye kikonyo kwenda chini. Kile chenye kiuno katikati kina nchi mbili, juu na chini, na kiuno ni mahali pa mkanda, shanga, nyororo au mawimbi. Doa kubwa la ukungu lifanye kivuli cha mti au mwili wa samaki, usilifiche.

Sasa mimea, nitataja ile ninayoona inakubaliana na vibuyu.

Mnazi. Wengi wanachora mnazi mzima na bahari na jua linazama, inakuwa kama kadi ya posta. Chukua kuti moja tu. Upongoo wake, ule uti mnene wa katikati, ufuate mpindo wa kibuyu, uanzie kwenye kikonyo ushuke kwa kujipinda kidogo, kuti za pembeni zitoke pande mbili, ndefu katikati na fupi kwenye ncha, na kila ukuti una uti wake mwembamba katikati, chelewa, weka huo mstari ndo utaona kuti limekuwa hai. Makuti manne au sita yakishuka kutoka kwenye kikonyo, kibuyu cha duara kinageuka kichwa cha mnazi ukiutazama kutoka juu.

Mgomba. Jani lake lina uti mnene na mishipa midogo inayotoka pembeni sambamba, na upepo unapolichana linachanika kwa kufuata hiyo mishipa. Kwahiyo michaniko usiichore ovyo, kila mchaniko uanzie ukingoni uende mpaka karibu na uti. Linafaa kibuyu kirefu.

Mpapai ni wa kibuyu cha duara, jani lina vidole vingi vinavyotoka sehemu moja kwenye kikonyo chake, weka jani moja kubwa upande wa mbele uache nyuma patupu. Kweli patupu, acha ganda lipumue.

Karakara, huyu ndo bingwa wa shingo. Vikamba vyake vinavyojikunja unavizungusha kwenye shingo ya kibuyu ukipanda, jani hapa, ua pale. Na mmumunye wenyewe una vikamba vya aina hiyo, na maua meupe ya petali tano yenye mikunjo ambayo yanafunguka jioni. Kuchora ua la mmumunye juu ya tunda lake mwenyewe ni pambo ambalo nashangaa watu hawalitumii, ni jeupe, linaonekana vizuri kwenye kahawia, na lina haki ya kuwa pale kuliko ua lolote.

Mkoko kwa wa pwani: ile mizizi inayotoka kwenye shina juu ya maji na kujikita matopeni inafaa sana kwa sehemu ya chini ya kibuyu, inatoka kiunoni inashuka mpaka kwenye kitako, halafu katikati ya mizizi unaweka kaa au samaki wadogo. Juu ya kiuno majani na zile mbegu ndefu zinazoning'inia. Wanyama weka wachache. Ndege chozi mmoja kwenye ua, ndege mdiria mmoja kwenye mzizi, basi.

Kugawa na kuhamisha mchoro

Kama pambo linajirudia, usikadirie kwa macho. Zungusha kamba ya uzi au ukanda wa karatasi sehemu nene ya kibuyu, weka alama pale inapokutana, toa, pima. Tuseme umepata sentimita 48 na unataka makuti sita, kila moja linapewa sentimita 8, kunja ukanda au tia alama, rudisha kwenye kibuyu uhamishe alama. Afu kutoka kila alama shusha mstari mwepesi toka kikonyoni mpaka kitakoni. Rababendi zinasaidia kupata mistari ya kuzunguka.

Chora kwa penseli laini, 2B, bila kukandamiza, maana alama ya penseli iliyozama haifutiki. Kama unatumia karatasi ya kaboni kuhamisha mchoro kutoka kwenye karatasi utakutana na tatizo moja, karatasi ni bapa na kibuyu kimevimba, itajikunja tu. Ikate karatasi pembeni mikato mikato kuelekea katikati, bila kugusa mchoro, afu ilaze na utepe wa karatasi wenye gundi, mikato itapandiana na mchoro utakaa. Kwa jani moja moja kuna njia rahisi zaidi, lichume jani lenyewe dogo, lilaze kwenye kibuyu, lifuatishe ukingo wake na penseli. Mkono mwepesi tu.

Kukikalisha kibuyu kisibiringike, kunja kanga kuukuu uifanye ngata, kikae hapo.

Kuchoma kwa moto

Vifaa viko vya aina mbili. Kama una umeme, ile pasi ya fundi redio ya kuunganishia nyaya, ya wati 30 au 40 yenye ncha nyembamba, inafanya kazi vizuri na siyo ghali. Kama huna, jiko la mkaa na vyuma viwili vyenye mipini ya mti, misumari mirefu iliyofuliwa ncha au visu vidogo, kimoja kinapata moto wakati kingine kinachoma, ndivyo unavyokwenda bila kusimama. Chuma kikitoka jikoni kiguse kwanza kwenye kipande cha ubao, ule ukali wa mwanzo uishie pale.

Fanyia mazoezi vile vipande ulivyohifadhi. Vijaze mistari, mikunjo, nukta, mpaka mkono uelewe. Yafuatayo yashike sana:

Usikandamize, weusi unaletwa na muda siyo nguvu. Ukienda polepole mstari unakuwa mweusi na mnene, ukienda haraka unakuwa kahawia. Mkono uanze kutembea kabla ncha haijagusa, na uinue ukiwa bado unatembea, kwasababu ukisimama mwanzoni au mwishoni unaacha doa la duara na halitoki. Mistari mirefu vuta kuja kwako, na ni bora kuzungusha kibuyu kuliko kuzungusha mkono. Ncha ikijaa masizi isugue kwenye msasa laini, la sivyo inaanza kupoteza moto.

Mpangilio wa kazi: anza na uti wa jani, fuata kingo, mishipa iwe ya mwisho na iwe myepesi kuliko kingo, la sivyo jani litaonekana kama wavu. Vivuli weka kwa nukta, zisongamane karibu na uti na zipungue ukielekea ukingoni. Ukitaka jani lionekane limekuja mbele, acha jani lenyewe wazi na ujaze nukta nyuma yake.

Fanyia nje au dirishani, feni iwe inavuta moshi mbali na wewe, siyo kukupulizia usoni. Na usichome kamwe juu ya rangi au vanishi, moshi wake ni sumu. Moto kwanza, rangi baadae, hiyo haina mjadala. Watoto wakae mbali na jiko na waya.

Kuchonga

Kwa ganda nene. Kisu kidogo kikali au patasi ya ncha ya V, mkono unaoshika kibuyu uwe na glavu nene na usiwe mbele ya kisu hata kidogo. Kata mstari wa nje wa jani kwa kina kama milimita 1, halafu kwaruza ngozi ya nje ya ganda nyuma ya jani, utaona chini kuna rangi nyeupe ya krimu, jani linabaki kahawia na nyuma panang'aa. Uzuri wa hii njia ni kwamba huhitaji rangi kabisa.

Ukitaka mistari iwe myeusi saga mkaa laini, changanya na mafuta kidogo, paka, sugua iingie kwenye mikato, futa juu kwa kitambaa. Polishi nyeusi ya viatu inafanya kazi hiyo hiyo na inapatikana kila duka. Lakini kumbuka ukishatumia mafuta au polishi malizia na nta, usimalizie na vanishi ya maji, haitashika.

Rangi

Rangi ya akriliki ndo rahisi, ichanganye na maji iwe nyepesi, paka tabaka jembamba juu ya jembamba ili kahawia ya kibuyu na mistari ya moto ionekane kwa chini. Jani halina kijani kimoja. La mgomba likitazama jua ni kijani cha njano, la mwembe likiwa changa ni jekundu jekundu kama shaba, kuti kuukuu lina kahawia kwenye ncha. Anza na rangi nyepesi jani zima, ikikauka ongeza ya kukolea karibu na uti. Ua jeupe lipake tabaka mbili au tatu maana jeupe linamezwa na kahawia.

Manjano ya jikoni yanatoa rangi tamu sana ya dhahabu, loweka unga kwenye maji moto uchuje upake, ila yanafifia kwenye mwanga wa jua, kwahiyo tumia kwa kibuyu kitakachokaa ndani mbali na dirisha.

Shanga na kauri zinapendeza kiunoni na mdomoni. Toboa vitundu vidogo kwa msumari wa moto, shona kwa uzi uliotiwa nta.

Kwa taa, toboa vitundu kufuata mishipa ya kuti, vikubwa karibu na upongoo na vidogo kwenye ncha, usiku ukutani utapata kivuli cha mnazi. Balbu iwe ya LED, ya kawaida inatoa joto jingi na kibuyu ni kitu cha kuungua.

Kumalizia

Futa vumbi, futa penseli. Vanishi isiyong'aa sana tabaka tatu nyembamba, kila moja ikauke usiku mzima, katikati piga msasa namba 400 kwa mguso mdogo tu. Ile ya maji haigeuki njano haraka. Ukipenda nta, chukua nta ya nyuki, ipashe, paka kwa kitambaa, subiri, sugua mpaka ing'ae.

Chombo cha kulia au kunywea kipambwe nje tu, ndani kusiwe na rangi wala vanishi. Kijaze maji, mwaga kesho yake, rudia mpaka maji yasiwe machungu tena. Uchungu wa mmumunye siyo wa kupuuza, una sumu inayoharibu tumbo, kama bado ni machungu kifanye pambo. Vilivyo salama vipake nta ya nyuki kwa ndani, na usitie vya moto, nta itayeyuka.

Fukusi wanapenda vibuyu. Ukiona vitundu vidogo na unga unga chini, kifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiweke friza siku tatu, kitoe kipate joto la kawaida kikiwa bado mfukoni ili kisilowe. Na kikipata ufa usikate tamaa, wafugaji wanashona vibuyu tangu zamani: toboa vitundu pande zote mbili za ufa, umbali wa sentimita 1 kila kimoja, kiwe mbali na ufa kama milimita 5, pitisha waya mwembamba wa shaba au uzi wa katani kwa kupishanisha, kaza taratibu. Ufa wenyewe ufanye uti wa jani, mishono iwe mishipa, chora ukingo kuzunguka.